Kopo la Unga Mchungu

Wodi ya wazazi, Tororo
Alhamisi, 3 Oktoba 2024

Kwa Mama Truphena, Sikuda

Mama, barua hii inakuja na Oketcho wa bodaboda, pamoja na kopo. Ninaandika kwa sababu simu inakula nusu ya maneno tangu kwinini ilipokuharibia masikio, na maneno haya hayataki kusikiwa nusu. Mwalimu Osborn akusomee polepole. Kiswahili ndicho nimechagua, kwa maana Kisamia changu kinakuchekesha na Kiteso changu hukijui. Tangu mwanao John Paul aniingize kwako kama mke wake tumesemezana Kiswahili cha sokoni, basi tuendelee nacho hicho.

Wamekataa kuniachia. Miguu imevimba, presha iko juu, na tumbo ni la miezi saba tu. Wanasema nilale ubavu wa kushoto na nisifikiri. Kulala naweza.

Sasa habari ya Marion. Kila siku, awe na homa asiwe na homa: yai moja asubuhi, maziwa, njugu za kusaga ndani ya uji, maharage. Ndani ya kopo kuna unga mweupe na kijiko kidogo cha plastiki, usitumie kijiko kingine. Vijiko viwili kwa siku, ndani ya uji. Ni mchungu, kwa hiyo ponda na ndizi iliyoiva. Mwili ukishika moto usipunguze, ongeza. Vijiko vinne, mayai mawili.

Najua nyumbani tunavyofanya. Mtoto wa homa anapewa uji mwepesi na chai ya rangi, yai na maziwa yanafichwa mpaka apoe. Kwa Marion hiyo ndiyo itamuua. Marehemu kaka yake, Mike, tulimpa chai ya rangi siku nne, Mama. Wote tulikuwa hapo, na wote tulidhani tunamtunza.

Daktari Aidah, yule aliyepeleka damu zetu mbali zikarudi na jina la ugonjwa, ameniambia nikuandikie hivi hivi.

Marion amezoea kulala ameshika sikio la mtu. Mpe lako, hata kama halisikii.

Ni mimi Acom, mama yake Marion


Sikuda
Jumamosi, 5 Oktoba

Imeandikwa na katekista Osborn, kama ilivyosemwa na Mama Truphena

Acom,

Barua imefika na kopo limefika. Oketcho naye amefika amelowa mpaka kifuani. Bwawa la chini limemeza barabara, alisukuma ile pikipiki kama ng'ombe aliyegoma. Nimempa chai, akanywa amesimama.

Mtoto yuko. Anakula. Juzi alimfukuza jogoo, jogoo akamgeukia, sasa wanapishana kwa heshima. Sikio langu la kushoto limekuwa mali yake na linauma.

Mihogo inaoza shambani kwa mvua. John Paul hajapiga simu tangu lori lao livuke kwenda Juba, na akipiga nitamwambia nini mimi nisiyesikia.

Wewe lala kama walivyosema. Ya hapa niachie. Nimelea watano.

Truphena (alama ya kidole gumba)

Mama Marion, mistari hii ni yangu na sijamsomea. Kazi yangu ni kuandika cha mwenye barua, na hili nalofanya si haki. Lakini nimekaa hapa tangu saa tatu mpaka saa sita. Uji nimeuona, yai sikuliona. Kopo liko juu ya kabati la vyombo na plastiki yake ya kufungia haijakatwa. O.


Tororo
Jumapili, 6 Oktoba

Mama,

Nimeota kopo liko juu ya kabati, halijafunguliwa. Nimeamka nikataka kushuka kitandani, nesi akanipima tena presha, na akanikaripia. Kama ni ndoto tu, nisamehe. Kama si ndoto, nakuomba sikiliza.

Labda nilikuandikia kama mtu anayetoa amri, mimi mtoto kwako. Ngoja nikueleze kama nilivyoelezwa. Daktari Aidah alinieleza mara tatu. Mara ya tatu nikamwambia, subiri daktari, hii naijua, hii ni mizigo ya baiskeli ya Busia mpakani.

Mwili, Mama, unajengwa kila siku, hata wako, hata wangu huu uliovimba. Kuna fundi ndani anayejenga, na vifaa vya kujengea vinamfikia kwa baiskeli. Baiskeli hizo ni ndogo hata kwa hadubini huzioni. Wanaziita tRNA. Kila aina ya mzigo ina baiskeli zake, huwezi kuchanganya. Na kila mzigo una mpakizi wake. Huyo mpakizi ni protini, hana kazi nyingine maisha yake yote: anashika baiskeli, anaijua kwa kuipapasa kuwa ni ya mzigo wake, anapandisha mzigo, anafunga, anaiachia iende kwa fundi. Wapakizi wako kama ishirini na kila mmoja ana mzigo wake.

Kuna mzigo mmoja unaitwa leusini. Mpakizi wa leusini wa Marion alizaliwa na mkono mbovu. Siku za kawaida anajikaza, kazi inaenda, ndiyo maana mtoto anakimbizana na jogoo na watu wanasema ni mzima. Lakini mwili ukishika moto ule mkono unalegea. Baiskeli zinamponyoka, zinaondoka tupu. Fundi anasimama na mwiko mkononi. Ini ndilo linabomoka kwanza. Ndiyo ile njano ya macho ya Mike.

Hakuna dawa ya kuunyoosha huo mkono. Nimeuliza mpaka nimeona haya. Kilichopo ni kimoja: mzigo ukiwa umejaa mpaka magotini mwake, hata mwenye mkono mbovu anaokota na kupakia. Unga ule ni leusini tupu. Maziwa na yai vinayo pia. Sisi tukimnyima chakula siku ya homa, tunaondoa mzigo siku ile ile mkono umelegea.

Si dawa, Mama. Ni chakula. Uchungu ndio ladha yake.

Nijibu hata neno moja. Oketcho amekubali kuzungukia juu, anasema bwawa haliwezi kumzoea.

Acom wako


Sikuda
Jumanne, 8 Oktoba

Imeandikwa na Osborn

Acom,

Umeota. Mwanangu, mtu haoti kopo juu ya kabati. Osborn alipofika hapo katika kusoma alishusha karatasi akaanza kufuta miwani, na miwani ilikuwa safi. Nimemwambia aandike na hilo. Ameandika.

Mpakizi wako nimemwelewa. Mimi nilivusha sukari mpaka ule kabla hujazaliwa, kilo hamsini nyuma ya baiskeli, na mfungaji wangu alikuwa Ebong. Akiwa mzima, mzigo ulifika hata ukianguka mtaroni. Akiwa amelewa, nilifika ng'ambo na mpira wa kufungia tu, sukari wanakula sisimizi. Kwa hiyo usidhani kichwa changu kimekataa. Mkono ndio umekataa.

Sasa nitasema jambo, Osborn anajua lazima aliandike lote.

Siku ya matanga ya Mike nilikupikia chai. Ulikuwa hujatia kitu mdomoni tangu kuzika. Ukapokea kwa mikono miwili, ukanishukuru, ukaenda nyuma ya nyumba ukaimwaga kwenye mgomba. Nilikuwa jikoni, kwenye kile kidirisha. Dada zako nao waliona. Sikukuuliza. Kwetu mtu akishuku chakula, mwenye kupika anaonja kwanza mbele yake. Ungeniambia niionje, ningeionja. Hukunipa hata hilo.

Tangu siku ile hakuna mtoto wa majirani anayekula kwangu. Wakipita njiani mama zao wanawashika mkono. Walihesabu wakaona kikombe cha mwisho cha Mike kilitoka mkononi mwangu. Ile chai ya rangi. Nami nimeacha kukuita Mama Mike, sijui kama uliona.

Halafu unaniletea unga mweupe. Mchungu. Nimtilie mtoto wa homa kwenye uji, mimi, mlango ukiwa wazi. Na mayai, mtoto wa kike. Akinifia, watasema nini? Sihofii nyumba yangu kuchomwa. Nahofia wewe utakaporudi utanitazama vipi.

Ana homa tangu jana asubuhi. Nilimbeba mpaka kituo cha afya, wamempa dawa ya malaria. Nampa uji mwepesi. Leo nimemgeuza kwenye mwanga, na weupe wa macho si weupe. Mkono wake umeshika sikio langu na unachoma.

Basi, umejua.

Truphena (kidole gumba)


Tororo
Jumatano, 9 Oktoba

Mama,

Nisamehe mwandiko na karatasi, nimeokota iliyokuwa karibu. Oketcho yuko mlangoni, pikipiki hajaizima.

Nilimwaga. Ni kweli. Nilimwaga na nilijua unaniona, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Kuna lingine, na hili hulijui. Ile karatasi ya damu ilirudi mwezi wa tatu. Niliwaambia jina la ugonjwa tu. Mengine nilikunja nikatia ndani ya Biblia. Mama, nakuandikia chini maneno ya kusomwa mbele ya watu. Mwalimu, nakuomba ukate hapa. Ita majirani, ita wale wanaoshika watoto wao mikono, na dada yangu anayekaa hapo mtaani. Soma kwa Kiswahili, na Kisamia, na Kiteso. Usiongeze na usipunguze, na safari hii usitie mistari yako.

"Mimi Acom Sylvia, mama wa marehemu Mike na wa Marion, nasema mbele ya Mungu na majirani. Mike hakuuawa na mkono wa mtu. Ugonjwa wake alizaliwa nao. Nusu ilitoka kwangu, nusu kwa baba yake John Paul, na mwenye nusu haumwi wala hajui. Karatasi ilisema hivyo tangu mwezi wa tatu, nami nimeificha miezi saba, kwa kuogopa kwamba mtu wa kuzaa watoto wa namna hiyo atarudishwa kwao. Nilimwacha mama mkwe wangu abebe jina lisilo lake ili mimi nisibebe langu. Unga huu nimeutoa mimi. Nimeuonja, ni mchungu, ni chakula. Marion akila akapona, au akila akafa, ni mimi niliyempa. Truphena ni kijiko changu tu."

Mama, vijiko vinne. Akitapika, subiri kidogo, umpe tena. Dawa ya malaria amalize. Daktari Aidah anasema akishindwa kumeza kabisa msingoje bwawa, mleteni hata kwa kubebwa juu ya mlango.

Mimi niko sawa. Usiniulize, niko sawa.

Acom


Sikuda
Alhamisi, 10 Oktoba

Mama Marion,

Barua hii ni yangu mimi Osborn, naye Mama anajua naiandika. Hawezi kusema sasa, mtoto yuko mapajani.

Nilisoma jana jioni kabla jua halijazama. Walikuja kama watu ishirini, mvua ikanyesha, hakuna aliyeondoka. Kwa Kiteso nilijikwaa mara mbili, dada yako akanisahihisha. Nilipofika mahali pa nusu yako na nusu ya John Paul alisogea karibu. Akaomba nirudie, nikarudia.

Mama alisimama akashusha kopo, akakata ile plastiki kwa meno. Akaomba yai lililochemshwa. Huenda hujui, maana wewe ni Mteso: mama huyu hajawahi kula yai. Kwao, wasichana wa rika lake walikatazwa yai na kuku, na walipokuja kuruhusiwa yeye alikuwa keshazoea kukataa. Alilimenya mbele yetu, akalitafuna lote, polepole, kama mtu anayetafuna neno. Kisha kijiko cha unga, mkavu, bila uji. Uso ulikunjamana, akamaliza. Akawatazama wale wanawake mmoja mmoja. Akasema, "Nimeonja. Sasa nampa."

Mtoto alitapika kijiko cha kwanza, na cha pili. Saa moja baadaye tukampa robo kijiko na ndizi, ikakaa. Kisha tena robo. Dada yako ndiye aliyekuwa akiponda ndizi. Leo asubuhi bado ana moto, macho ni ya njano, na hataki kushikwa na mwingine. Anameza.

Siwezi kukuambia zaidi ya hilo. Anameza. Oketcho anasema alipokuletea barua ya Jumanne nesi alimzuia mlangoni, akasubiri nje mpaka jibu lako likatolewa. Sikumwelewa, na Mama sijamwambia. Hili nalo naliandika bila kumsomea, ila safari hii nitamweleza mwenyewe leo.

Osborn


Sikuda
Jumatatu, 14 Oktoba

Imeandikwa na Osborn, ikasomwa kwangu mara mbili, kwa amri yangu

Mama Mike,

Siku nne hujajibu. Nimejifunza kuchukia mlio wa pikipiki inayopita bila kusimama.

Nianze na lako. Homa iliondoka Ijumaa mchana. Alitoka jasho mpaka nikabadili nguo zake mara mbili, kisha akalala kweli, na mkono ukaachia sikio. Nikadhani ameniacha. Nikaweka shavu puani mwake, kwa kuwa masikio yangu hayafai kwa kazi hiyo, nikaipata pumzi yake. Jumamosi alikunywa maziwa. Jana aliniita bibi kwa Kisamia, "kukhu, yai", na dada yako akacheka huku analia, yule aliyeona ukimwaga chai. Analala hapa siku hizi. Anakoroma.

Macho bado hayajasafika. Kituo cha afya wanasema damu yake ipimwe huko Tororo. Kopo limebaki nusu.

Sasa lako unalolificha. Lile tangazo lako Osborn alilikata ili nilitunze. Leo nikamwambia anisomee tena, akaligeuza, akaanza tena kufuta miwani. Karatasi uliyookota ni fomu ya mtoto mchanga. Mvulana, kilo moja na gramu mia tatu, tarehe 7 Oktoba. Jina la mama, Acom Sylvia.

Kumbe siku ile unaniandikia kijiko, ulikuwa umeshazaa siku mbili. Na ukasema niko sawa, usiniulize. Mimi nilificha kopo juu ya kabati, wewe umemficha mtoto nyuma ya karatasi. Tumefaana.

Sikulaumu. Uliogopa nikisikia kuna mwingine nitaishiwa nguvu za kumpigania huyu. Labda ulikuwa sahihi. Lakini sasa nauliza, nijibu kama bado una mkono wa kuandika, na kama huna, nesi aandike. Mtoto yuko hai? Wewe uko hai? Damu yake wamechukua? Mpakizi wake ana mkono mzima au ndiyo ule ule? Ukiwa ule ule, mwambie Daktari Aidah aandae kopo la pili. Kuku wawili wanataga na wa tatu analalia.

Kama jibu ni lile jingine, usiliandike. Ningojee.

Bwawa limeshuka mpaka magotini. Kesho asubuhi Oketcho anatuleta, mimi na Marion katikati, na mayai kwenye kikapu mapajani. John Paul ametuma neno kwa dereva mwenzake, lori limegeuza njiani. Karatasi ya nusu kwa nusu nitamwonyesha mimi. Wewe hutarudishwa popote. Nani atanirudishia wewe nikikukosa?

Nikifika nitaomba jiko la wagonjwa nikupikie uji wa wimbi, wenye njugu, ule mzito. Sitauonja kwanza. Utapokea na utakunywa.

Truphena (kidole gumba, na pembeni alama ndogo ya kidole cha Marion, ameng'ang'ania)